Kusema kwa Kinywa Chako: Mwongozo Kamili wa Kujifunza Kiswahili kwa Mtu Mzima Aliyehamia Kigoma au Tabora

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati ya kijiji kimoja cha Wilaya ya Kasulu nikisubiri zamu yangu, mama mmoja wa Kirundi alipoitwa ndani pamoja na kichanga chake. Mlango ulikuwa wazi. Muuguzi, ambaye alipangiwa kazi huko akitokea mkoa wa mbali na hakujua Kiha, lugha ya wenyeji wa huko, wala Kirundi, aliuliza mtoto alianza kuharisha lini. Mama akamgeukia mwanawe mkubwa, mvulana wa miaka tisa hivi, wakasemezana, kisha mvulana akajibu: "Kesho." Muuguzi akaweka kalamu chini.

Katika Kirundi neno "ejo" hubeba jana na kesho kwa pamoja, na anayesikiliza huelewa kutokana na maneno yanayolizunguka. Mvulana alitafuta neno la Kiswahili, akashika lisilo lenyewe. Kosa hilo lilisahihishwa baada ya kuulizana mara mbili tatu. Lililofuata halikusahihishwa, kwa maana muuguzi alipouliza hali ya mama mwenyewe tangu ajifungue, mama alimtazama mwanawe, akatazama sakafu, akasema, "Nzuri." Hakuna mama awezaye kueleza mambo ya uzazi kwa kinywa cha mtoto wake wa kiume. Na saa ile, ambayo ilikuwa saa nne asubuhi ya siku ya kazi, mvulana yule alipaswa kuwa darasani.

Naandika mwongozo huu kwa sababu ya jibu lile. Nimefundisha Kiswahili kwa watu wazima kwa miaka kadhaa, wengi wao wakiwa Warundi na Wakongomani wanaoishi vijijini miongoni mwetu, na lengo ninalowawekea ni moja: ndani ya mwaka mmoja, mtu mzima aweze kuingia zahanati, shule ya mwanawe na ofisi ya kijiji, aseme shida yake mwenyewe, asikilizwe na kuelewa alichojibiwa, bila mtoto pembeni. Ufasaha utakuja baadaye, au hautakuja kabisa, na hilo halina madhara makubwa.

Kwa nini Kiswahili, ilhali Kiha kinatosha sokoni?

Swali hili huulizwa na kila Mrundi anayefika Kigoma, naye ana haki ya kuliuliza. Kirundi na Kiha vinasikilizana kiasi kwamba mtu aliyevuka mpaka wa Manyovu asubuhi anaweza kununua maharage Buhigwe mchana bila shida yoyote. Wepesi huo ndio unaochelewesha wengi. Mtu huishi miaka kumi kwa Kiha, akiamini ameshazoea nchi, hadi siku anapokutana na mwalimu Mhaya, mtendaji Msukuma, hakimu Mnyakyusa au muuguzi kama yule wa zahanati. Watumishi wa umma hupangiwa kazi popote nchini, na lugha inayowaunganisha na mwananchi ni Kiswahili. Kiha humfungulia mgeni nyumba ya jirani, lakini hakimfungulii ofisi.

Sheria nayo inalitaja jambo hili. Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mgeni anayeomba uraia wa tajinisi hutakiwa, pamoja na masharti ya muda wa kuishi nchini na mwenendo mwema, awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Kwa mkulima wa Kakonko au Kaliua, Kiswahili ndicho kilicho karibu.

Mkoa wa Tabora una ushahidi ulio hai. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, kama wenzao walivyopewa Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili, wakafuata mtaala wa Tanzania, wakalima tumbaku na mahindi, na mwaka 2014 Serikali ilipoanza kutoa vyeti vya uraia kwa wakimbizi hao wa zamani wapatao 162,000, wengi wa waliovipokea walikuwa wamezaliwa hapa na hawakuijua lugha nyingine ya shule. Tukirudi nyuma zaidi, Ujiji yenyewe ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Manyema, eneo la mashariki mwa Kongo ya leo, katika karne ya 19, nao wakawa Waswahili wa Ujiji kwa lugha, kwa dini na kwa mavazi. Mwalimu Nyerere, kabla ya kufika shule ya Tabora mwaka 1937, aliingia shule ya Mwisenge akiwa mtoto anayezungumza Kizanaki. Wengi wetu tumekipokea Kiswahili tukiwa na lugha nyingine kinywani, kwa hiyo anayejifunza leo asidhani amesimama peke yake nje ya uzio.

Hatua ya kwanza: jua unapoanzia

Mrundi na Mkongomani hawaanzii mahali pamoja, na kuwaweka katika somo moja tangu siku ya kwanza ni kuwachosha wote wawili.

Mrundi ana hazina kubwa asiyoijua. Umwana ni mwana, inyama ni nyama, imvura ni mvua, umwaka ni mwaka. Aondoe irabu ya mbele, arekebishe kidogo, na tayari ana mamia ya maneno. Hazina hiyo ina mitego, hata hivyo, na mitego hiyo ifundishwe mapema. "Igiti" kwa Kirundi ni mti, lakini kiti kwa Kiswahili ni cha kukalia. "Umuti" ni dawa, lakini mti kwa Kiswahili huota shambani. Mgonjwa aliyeambiwa "kaa kwenye kiti" na aliyetaka kuomba "mti wa homa" wote wamo katika mtego huo mmoja. Jana na kesho zijifunzwe siku ya kwanza kabisa, pamoja na juzi na keshokutwa, kwa kuzitaja zikiwa zimefungamana na kitendo: jana nililima, kesho nitalima.

Mtego mwingine ni sauti za l na r. Darasani kwangu hatusomi orodha ndefu. Tunachukua jozi chache, na kila mmoja anazitamka mbele ya mwenzake ambaye lazima aonyeshe kwa kidole ni ipi aliyoisikia: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari, mbali na mbari. Baba mmoja alitaka kumwuliza jirani mahali pa kuchota maji, akajikuta ameuliza mahari, na jirani alikuwa na binti. Waliyamaliza kwa amani. Waha wenyewe na watu wengine wengi wa kanda hii huchanganya sauti hizo, kwa hiyo mgeni asione haya, ila katika maandishi asizembee.

Hesabu nazo zina pengo. Moja hadi tano, pamoja na nane, zina ndugu zake katika Kirundi, lakini sita, saba na tisa zilitoka Kiarabu na hazifanani na gatandatu, indwi na icenda. Sitini, sabini na tisini ndizo zinazomponza mtu sokoni. Zirudiwe kwa fedha halisi mkononi, si ubaoni.

Mkongomani wa Fizi au Uvira hufika akiwa anazungumza Kiswahili tayari, tena kwa kasi, na tatizo lake ni kuambiwa kwamba Kiswahili chake ni kibovu. Si kibovu. Ni Kiswahili cha upande wa pili wa ziwa, kina kanuni zake, na kimelea watu wengi. Anachohitaji ni kuongeza namna ya pili ya kusema kwa ajili ya shule na ofisi: "watu" pale anaposema "batu", "mimi ni mwalimu" pale anaposema "niko mwalimu", "kitabu changu" pale anaposema "kitabu yangu". Miezi mitatu ya mazoezi ya upatanisho wa ngeli humfikisha mbali. Kilicho kigumu zaidi kwake ni kuandika, nacho ndicho apewe muda mwingi.

Hatua ya pili: jifunze sentensi za mahali, usijifunze orodha ya maneno

Chukua daftari kubwa moja, uligawe sehemu tatu: zahanati, shule, ofisi ya kijiji. Katika kila sehemu andika sentensi kumi na mbili tu, zile utakazozisema na zile utakazoulizwa, kwa sababu wengi hujiandaa kusema na kusahau kujiandaa kusikia. Kwa zahanati, mathalani, "Anaumwa tangu jana jioni," "Amekula nini?", "Ameharisha mara ngapi?", "Dawa hii anywe mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya kula?", na, kwa akina mama, "Naomba kuzungumza na muuguzi wa kike." Hiyo ya mwisho naifundisha wiki ya kwanza. Kwa shule: "Mimi ni mzazi wa fulani, darasa la tatu," "Maendeleo yake yakoje?", "Hakuja jana kwa sababu alikuwa na homa." Kwa ofisi ya kijiji: "Nimekuja kuomba barua ya utambulisho," "Nirudi lini?", "Naomba unisomee kabla sijaweka sahihi."

Tumia "naomba" na uache "nipe" au "nataka" hadi uijue jamii vizuri. Anza kila mazungumzo kwa salamu hata kama una haraka, shikamoo kwa mkubwa, habari za saa hizi kwa rika lako, kisha ndipo useme shida. Mgeni anayeingia ofisini na kutaja shida kabla ya salamu huonekana mkali ingawa hana ukali wowote.

Saa pia ina somo lake. Aliyezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa akiambiwa aje saa mbili asubuhi anaweza kufika wakati foleni imekwisha, au kukesha mlangoni. Mwonyeshe saa ya ukutani, umwambie jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja hufuata.

Hatua ya tatu: pata darasa, au lianzisheni

Nenda kwa afisa elimu wa kata, uulize kama kuna kituo cha elimu ya watu wazima kilicho karibu. Kama hakipo, watu kumi au kumi na watano wanatosha kuanzisha darasa kwa kumwona mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye chumba chake huwa wazi jioni. Kwa anayeishi katika kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, ambako watoto husoma mitaala ya nchi walizotoka na kutoka nje kuna masharti yake, darasa litafutwe humo humo kwa idhini ya viongozi wa kambi.

Siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, ni kipimo ninachokiamini. Chini ya hapo watu husahau, na juu ya hapo shamba huwavuta. Ratiba, hata hivyo, lazima ifuate kazi za watu, na hapa ndipo madarasa mengi mazuri hufa. Ulyankulu, Urambo na Kaliua, miezi ya kuchuma na kukausha tumbaku watu hukesha kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, wakilinda moto. Ukiweka kipindi saa kumi jioni katika miezi hiyo utafundisha madawati. Mwambao wa ziwa ni tofauti tena. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Ujiji hufanya kazi usiku wa giza, wakivuta samaki kwa taa, na mchana wake wamelala, ila mbalamwezi ikiwaka hupumzika siku kadhaa. Darasa la wavuvi lipangwe kwa mwezi wa angani, likazwe wakati wa mbalamwezi na kulegezwa gizani. Mwaka nilioanza kupanga hivyo, mahudhurio yalibadilika kabisa.

Siku zisizo za darasa, sikiliza taarifa ya habari redioni saa mbili usiku, andika maneno matano uliyoyasikia zaidi ya mara moja, kesho yake mwulize jirani. Mwenye simu ya kurekodi amwombe jirani huyo amsomee sentensi zake kumi na mbili, azisikilize akiwa njiani kwenda shambani.

Hatua ya nne: jina lako liandikwe vile vile kila mahali

Hatua hii haimo katika vitabu vya lugha, nami naiona nzito kuliko sarufi yote. Jina kama Nduwimana au Havyarimana, likitamkwa kwa sauti ndogo mbele ya karani aliyechoka, huandikwa Nduimana leo, Ndwimana kesho, na Haverimana kwenye kadi ya kliniki. Miaka inapita, mtoto anafika darasa la saba, na majina ya mzazi katika karatasi nne hayafanani. Kuyarekebisha huchukua safari nyingi na viapo mahakamani.

Kwa hiyo jifunze kutaja herufi za jina lako kwa Kiswahili, moja moja, polepole, na ujifunze sentensi hii: "Naomba nilione kabla hujagonga muhuri." Beba kikaratasi kigumu chenye jina lako, la baba, la mama, tarehe na mahali pa kuzaliwa, vikiwa vimeandikwa kwa herufi kubwa kama vilivyo katika hati yako ya kwanza halali. Mwanafunzi asiyejua kusoma kabisa huanza kusoma kwa kikaratasi hicho, kwa kuwa hakuna neno ambalo mtu mzima ana hamu ya kulitambua kuliko jina lake.

Hatua ya tano: toka kwenye kununua, uingie kwenye shughuli

Lugha ya sokoni humfikisha mtu mahali fulani na kumwacha hapo. Nimewaona watu wanaojadiliana bei ya dagaa kwa ustadi mkubwa, na bado hawajawahi kusema neno msibani. Ujirani hujengwa kwenye misiba, harusi, vikundi vya kuweka na kukopa, kwaya, madrasa, na mikutano ya kijiji. Anza na msiba, kwa sababu maneno yake ni machache na hayabadiliki: "Poleni na msiba," "Mungu awatie nguvu." Nenda, kaa, saidia kuchota maji au kupasua kuni. Siku ya tatu utakuwa umesikia Kiswahili kingi kuliko mwezi mzima wa darasa, na wenyeji watakuwa wamekusikia pia.

Kisha ingia katika kikundi cha hisa. Humo utasikia maneno hisa, riba, faini, marejesho na mweka hazina yakirudiwa kila wiki, na utalazimika kusimama kusema unakopa kiasi gani na kwa shughuli gani. Kwa mkulima wa tumbaku, chama cha msingi ni shule ya namna hiyo hiyo. Asiyeelewa maelezo ya madaraja ya tumbaku na makato ya pembejeo atatia sahihi karatasi asiyoijua, na hasara yake itahesabiwa kwa msimu mzima.

Mkutano wa kijiji uwe wa mwisho. Hudhuria miwili ukisikiliza tu. Wa tatu, nyoosha mkono, useme: "Mwenyekiti, naomba kuchangia," kisha sentensi mbili ulizoziandaa nyumbani.

Kwa mwenyeji

Nusu ya kazi hii ni yetu. Mgeni akikuanza kwa Kiswahili, mjibu kwa Kiswahili hata kama Kiha kingekuwa rahisi, kwa sababu kumhamishia Kiha ni kumnyima zoezi. Sema polepole bila kupaza sauti, kwani hana uziwi. Msahihishe kosa moja katika mazungumzo, lile linaloharibu maana, uyaache mengine. Mzungumzie mama mwenyewe, si mtoto aliyesimama kando yake. Na neno "Mrundi" au "Mkongo" lisitumike kama tusi mbele ya watoto wetu, maana nimeona mwanafunzi hodari akiacha kunyoosha mkono muhula mzima kwa sababu ya cheko moja la nyuma ya darasa.

Wageni nao wasiache lugha yao. Wazazi wengine, kwa bidii ya kutaka kufanana na wenyeji, humkataza mtoto Kirundi nyumbani ilhali Kiswahili chao wenyewe bado ni haba, na mtoto hubaki na wazazi wasioweza kumweleza jambo zito kwa lugha yoyote. Nyumbani semeni lugha mnayoijua kwa kina. Mtoto atakipata Kiswahili shuleni na mtaani, tena haraka kuliko ninyi.

Mama wa zahanati nilimpata darasani miezi miwili baada ya siku ile, kwa kuitwa na jirani yake. Alianza na jana na kesho. Alikosa vipindi wakati wa palizi, akarudi, akakosa tena. Mwaka uliofuata, kwenye mwezi Machi, alikuja siku ya Jumatatu kuniaga kwamba kesho yake hatakuwepo, kwa sababu ni siku ya kliniki. Nilimwuliza nani atakwenda naye. Akasema atakwenda na mdogo mgongoni, na kwamba mkubwa ana mtihani wa hesabu.